Itakaa Tu: Magurudumu ya Benzi Kuukuu na Taifa Lisilopenda Matengenezo

Maneno mawili yamenikaa kichwani tangu Desemba iliyopita, na leo nimeamua kuyaandikia makala. Maneno hayo ni "itakaa tu". Niliambiwa Same mjini, chini ya kibanda cha fundi matairi kando ya barabara kuu iendayo Moshi, gari langu likiwa juu ya jeki. Gari lenyewe ni Mercedes-Benz ya mwaka 1992, ile ambayo Wajerumani waliipa namba W124 na sisi tunaiita Benzi tu. Nilikuwa nakwenda kwetu Chome, chini ya kilele cha Shengena, kwa ajili ya sikukuu. Matairi yote manne yalikuwa yameisha kashata na yanakaribia kuwa vipara; rimu mbili zilikuwa zimepinda kwa mashimo. Fundi, kijana mwenye adabu aliyeniamkia shikamoo kabla sijazima injini, aliniletea seti ya spoti rimu za inchi 17, zinang'aa kama sahani za harusi. Nikazipima kwa rula niliyonayo kwenye buti. Hazikulingana na gari. Nikamwonyesha. Akatabasamu kwa upole, akasema: "Itakaa tu, mwalimu."

Namwomba msomaji asiye mpenzi wa magari anivumilie kwa aya moja ya ufundi, kwa sababu ubishi wote wa makala haya umesimama juu ya milimita.

Gurudumu la gari langu hufungwa kwa bolti tano zilizopangwa katika duara lenye kipenyo cha milimita 112. Rimu alizoniletea fundi zilitobolewa kwa duara la milimita 114.3, ambacho ni kipimo cha magari mengi ya Kijapani. Tofauti ni milimita 2.3. Kwa macho huioni. Ukikaza kwa nguvu bolti zitaingia, kila moja ikiwa imelala kidogo upande, na rimu itaonekana imekaa. Isitoshe, bolti za kiwandani za gari hili zina kitako cha mviringo, ilhali rimu zile zilichongwa kwa kitako cha koni. Chuma kingegusa chuma kwenye ukingo mwembamba badala ya kukumbatiana. Tundu la katikati la rimu nalo lilikuwa pana kuliko habu ya gari, kwa hiyo rimu isingekaa katikati sawasawa, ingening'inia kwenye bolti zilizopinda. Gari la namna hiyo litatoka Same likitembea vizuri kabisa. Litapanda mlima vizuri kabisa. Kisha bolti zitaanza kutikisika, zitalegea, na siku moja, kwenye mteremko wenye kona, zitakatika. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Hapa mwiba wenyewe una milimita mbili na ushei.

Sikuzichukua rimu zile. Nilitafuta rimu za asili za inchi 15, nikazipata kwa mtu anayeuza spea kuukuu, zimekwaruzika lakini hazikupinda, na nikaamua kuzivika matairi mapya ya kipimo kile kile alichokiandika mtengenezaji, yaani 195/65. Kijana alinisikitikia. Aliona mwalimu wa chuo kikuu anaacha kung'aa. Nilimweleza kwamba tairi la kipimo hiki lina ukuta wa pembeni wa milimita 127 hivi, ilhali tairi la inchi 17 linalolingana nalo kwa kimo, 225/45, lina ukuta wa milimita 101 tu. Zile milimita 26 zinazopungua ni mto wa hewa unaotenganisha chuma na jiwe. Mjini, juu ya lami, hutauhitaji sana. Ukiacha lami na kuanza kupanda Upareni, ambako barabara ni udongo mwekundu, mawe na makorongo ya mvua, mto huo ndio unaokufikisha.

Sasa niseme jambo lililonisukuma kuandika. Nilipoletewa matairi hayo "mapya", yangali na nywele zake za kiwandani na karatasi juu yake, niliinama kusoma ubavuni. Kila tairi lina tarakimu nne zilizogandamizwa ndani ya kiduara mwishoni mwa namba inayoanza na herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la kwanza lilisomeka 1118. Maana yake lilitengenezwa katika wiki ya 11 ya mwaka 2018. Lilikuwa limekaa ghalani na juani zaidi ya miaka saba. Nilipomwuliza mwenye duka, alishangaa kwa dhati. "Mzee, hili halijawahi kuvaliwa. Ni jipya." Hakuwa ananidanganya. Kwake yeye upya ni kutotumika.

Lakini mpira haungoji kutumika ili uzeeke. Hewa, joto na mwanga wa jua huukausha, ukapoteza unyumbufu, ukapasuka ndani kabla haujaonyesha ufa nje. Ndiyo maana watengenezaji kadhaa wakubwa wa matairi hushauri tairi likaguliwe na mtaalamu kila mwaka likishatimiza miaka 5 ya matumizi, na liondolewe barabarani likifika miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama kashata zake bado ni ndefu. Na Same, ndugu zangu, si Ulaya. Ni tambarare kame iliyo upande wa milima usiopata mvua, ambako saa nane mchana lami huunguza soli ya kiatu. Tairi lililokauka, likipungukiwa upepo kidogo, likapewa mzigo na mwendo, hujikunja na kujikunjua mara mamia kwa dakika, hujipasha joto lenyewe, kisha hupasuka.

Nimekuwa mwangalifu kulisema hilo kwa sababu ya mahali ninapolisemea. Tarehe 28 Juni 2025, jioni, katika eneo la Sabasaba wilayani Same, tairi la basi lilipasuka, dereva akashindwa kulimudu, basi likagongana na basi dogo, yote mawili yakashika moto. Taarifa ya kwanza ya serikali ilitaja watu 38 waliopoteza maisha, na wengi wao waliungua kiasi cha kutotambulika. Sipo hapa kumhukumu mwenye basi, wala dereva, wala tairi lenyewe. Swali langu ni la sisi tuliobaki: baada ya mazishi na salamu za rambirambi, tulibadili nini? Miezi sita baadaye, katika mji huo huo, nilikuwa nauziwa tairi la miaka saba kwa jina la jipya na rimu isiyolingana kwa jina la "itakaa tu". Hakuna aliyeona ajabu. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko rimu.

Hoja yangu ni hii. Sisi ni taifa linalohesabu umri mahali pasipohitaji kuhesabiwa, na linaloufumbia macho mahali unapoua. Tumechagua vipimo viwili rahisi, umri wa kitu na mng'ao wake, kwa sababu vinasomeka bila kuinama. Kipimo cha tatu, ambacho ni hali halisi ya kitu na matunzo yake, kinadai mtu apige magoti, ashike taa, asome tarakimu nne ubavuni. Hicho tumekikwepa.

Tuanze na umri. Gari dogo lililotumika likiingizwa nchini likiwa na umri wa miaka 8 hadi 10, linatozwa ushuru wa bidhaa wa ziada wa asilimia 15 kwa sababu ya umri wake. Likivuka miaka 10, ushuru huo unakuwa asilimia 30. Watu mtaani wanauita ushuru wa uchakavu, na jina hilo linastahili kutazamwa, kwa sababu kinachotozwa si uchakavu. Kinachotozwa ni mwaka wa kuzaliwa. Wenzetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi: gari lililozidi miaka 8 haliingii kabisa.

Ninazijua sababu za watetezi wa utaratibu huu, na si sababu za kipuuzi. Wanasema nchi yetu isigeuzwe jalala la magari ya wenzetu. Wanasema injini za zamani huchafua hewa zaidi. Wanasema gari kuukuu huua. Ya kwanza naikubali moja kwa moja. Ya pili naikubali kwa sehemu kubwa. Injini iliyoundwa mwaka 1992 haiwezi kushindana kwa usafi na ya jana, na mimi mwenyewe sina haki ya kujisifu hapo. Ya tatu ndiyo ninayoikataa kwa namna inavyosemwa. Gari kuukuu haliui kwa sababu ni kuukuu. Linaua kwa sababu breki zake hazikupimwa, tairodi yake imelegea, matairi yake yamekauka, na mtu fulani alisema itakaa tu. Mambo hayo manne yanaweza kulipata gari la miaka 4 sawasawa na la miaka 34.

Tena tazama kinachotokea baada ya ushuru kulipwa. Serikali imelihesabu gari miaka yake mara moja, bandarini, ikachukua fedha, ikageuka. Tangu siku hiyo gari linaweza kuharibika litakavyo. Katika miaka yote niliyoendesha Benzi hili nimesimamishwa barabarani mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nimeombwa leseni, nimeombwa bima, nimeulizwa mtungi wa kuzimia moto na pembetatu. Hakuna hata siku moja ambapo mtu aliinama kusoma tarehe ya tairi langu au kutikisa gurudumu kuona kama boljointi imelegea. Mtu anayelipaka gari lake rangi na kuliosha kila asubuhi hupita salama. Mtu aliyebadili maji ya breki hapati hata neno la heri. Ukiwa na kipimo kinachothawabisha mng'ao tu, watu watanunua mng'ao. Yule kijana wa Same hakukosea hesabu za soko. Alikuwa anauza kile ambacho nchi nzima inakinunua.

Nijitetee kidogo, maana najua utani unaokuja. Wapare tunataniwa kwa ubahili, na watani zangu Wachaga wamekwisha kuniambia kwamba ninalishikilia gari hili kwa sababu siwezi kuachana na shilingi. Wengine wanasema kinyume: kwamba mhadhiri anayepiga kelele kuhusu usawa hana haki ya kuendesha gari lililozaa neno "wabenzi", kejeli ambayo Waafrika Mashariki waliwatungia vigogo baada ya uhuru. Watani wangu hawana budi kukubaliana wao kwa wao kwanza kama mimi ni bahili au kigogo. Ukweli hauna makuu. Nilinunua gari hili kwa mstaafu mmoja ambaye alikuwa na daftari. Humo ameandika kwa mkono wake kila badiliko la oili, kila bushi, kila pedi ya breki, pamoja na kilomita na tarehe. Sikununua Benzi, nilinunua daftari. Nami nimeendelea kuliandika.

Ndani ya daftari hilo hakuna muujiza. Oili na chujio lake kwa wakati. Maji ya breki kila baada ya miaka 2, kwa sababu majimaji hayo hunywa unyevu wa hewani, na unyevu ukichemka kwenye mteremko mrefu kanyagio la breki huzama hadi chini na gari halisimami. Boljointi za mbele kutikiswa kila safari ya milimani. Mikono mitano ya kila gurudumu la nyuma kukaguliwa bushi zake, kwa kuwa zikichoka matairi hulika upande mmoja na mtu akalaumu matairi. Upepo kupimwa asubuhi matairi yakiwa baridi. Bolti za gurudumu kukazwa kwa spana ya kipimo hadi nyutonimita 110, si kwa mtu mzima kurukaruka juu ya bomba, na kukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hivi. Gharama ya mwaka mzima ya mambo haya ni ndogo kuliko riba ninayoona wenzangu wakilipa kwa mikopo ya magari mapya. Lakini yanataka jambo moja ambalo mkopo hautaki, nalo ni kukumbuka.

Sasa niondoke kwenye gari langu, nipande ngazi moja.

Wakati nikisoma tarakimu zile za tairi nilikumbuka kwamba nchi hii iliwahi kutengeneza matairi yake. Kilomita chini ya 200 kutoka Same, mjini Arusha, kilianzishwa mwaka 1969 kiwanda cha General Tyre, serikali ikiwa mbia mkubwa. Kilikuwa hata na mashamba ya miti ya mpira, Kihuhwi kule Muheza na Kalunga mkoani Morogoro. Kizazi changu kilikua kikiona matairi ya Arusha chini ya malori na mabasi, na hakuna aliyeshangaa kwamba yametoka nyumbani. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 2000 kiwanda kikawa kimesimama. Tangu hapo awamu moja baada ya nyingine imetangaza nia ya kukifufua. Neno "kufufua" tumelizoea mno katika siasa zetu, na tumesahau kwamba hufufuliwa aliyekufa. Kiwanda kama gari: mitambo hupitwa, sehemu huchakaa, na asiyetenga fedha za kubadili bushi leo atatafuta fedha za kununua gari zima kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tunaifundisha shule ya msingi, kisha tunaisahau tunapoandika bajeti.

Maana angalia tunachosherehekea. Tunakata utepe. Tunazindua jengo, tunazindua mradi wa maji, tunazindua barabara, tunapokea mashangingi mapya yaliyopangwa mstari mmoja, kamera zikiwaka. Je, msomaji amewahi kuona kiongozi akialikwa kwenye sherehe ya kubadili bomba lililochakaa? Au bendi ikipigwa kwa sababu gari la wagonjwa lenye umri wa miaka 12 bado linawaka asubuhi kwa kuwa dereva wake amelitunza? Gari la umma likiharibika kwa kukosa kitu kidogo husukumwa uani, likaota majani, na barua ikaandikwa kuomba jipya. Mlipa kodi anayetozwa asilimia 30 kwa kununua gari la miaka 11 ndiye huyo huyo anayenunua shangingi jipya litakalokufa kabla ya kufika miaka hiyo. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira.

Nataka niwakumbushe wanaosema kwamba matengenezo si utamaduni wetu, kwamba ni tabia ya Wajerumani na Wajapani. Waje Upareni. Wazee wetu walichimba mifereji na mabwawa ya kuhifadhi maji tunayoyaita ndiva. Maji ya kijito hukusanywa usiku, asubuhi hufunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Ndiva hujaa tope. Asiyeitoa tope hana ndiva, ana kidimbwi. Kwa hiyo hupigwa msaragambo, kila nyumba inatoa mtu na jembe, na asiyefika hutozwa faini. Baadhi ya ndiva hizo zimepokezana vizazi na vizazi na zingali zinamwagilia. Hakuna mzee yeyote wa Kipare aliyewahi kutoza ndiva ushuru kwa sababu ya umri wake. Swali lao lilikuwa moja: inashika maji? Na jibu halikupatikana kwa kuitazama ikiwa mbali, bali kwa kuingia ndani na miguu mitupu.

Wala swali la kipimo si geni kwetu. Mkoloni alipoleta kodi ya mbiru, iliyopanda kulingana na mali ya mtu, watu wa milimani walitaka kujua mali hiyo inapimwaje na nani, na hawakuridhika na jibu. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka wakapiga kambi hapa hapa Same, penye makao ya wilaya, na mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao wakasimama. Marehemu Profesa Isaria Kimambo aliandika historia ya upinzani huo, na ninawashauri wanafunzi wangu waisome. Wapare wale hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa tayari kulipa ya kichwa. Walikataa kupimwa kwa kipimo wasichokielewa. Miaka themanini baadaye, wajukuu wao tunapimwa magari yetu kwa kalenda, na tunanyamaza.

Ninapendekeza nini? Mhadhiri anayelalamika bila kupendekeza anapaswa kurudishiwa karatasi yake.

Kwanza, ushuru wa umri uhusishwe na hali ya gari. Nchi hii tayari ina utaratibu wa kukagua ubora wa magari yaliyotumika yanapoingia, chini ya TBS. Kwa hiyo hoja kwamba hatuna uwezo wa kupima haisimami. Gari lililotunzwa lipate nafuu, gari bovu lizuiwe hata kama ni la miaka 5.

Pili, kila gari lipimwe kila mwaka kwa mashine: breki, usukani, taa na matairi, na majibu yaandikwe kwa tarakimu, si kwa stika tu. Tuanze na mabasi ya abiria na magari ya serikali yenyewe, ili mwananchi aone kwamba sheria haimwanzi yeye. Najua hofu ya msomaji: kila kituo cha ukaguzi kinaweza kugeuka dirisha la rushwa. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini tarakimu zilizopimwa na mashine na kuchapishwa ni vigumu kuzinunua kuliko jicho la mtu mmoja kando ya barabara.

Tatu, risiti ya kila tairi ionyeshe wiki na mwaka wa kutengenezwa. Jambo hili halihitaji mkopo wa nje wala mshauri mwelekezi. Linahitaji mstari mmoja katika kanuni.

Nne, mafundi. Yule kijana wa Same si adui yangu. Alijifunza chini ya mti kwa fundi aliyejifunza chini ya mti, na hulipwa kwa kile anachofunga, kamwe halipwi kwa kile anachokataa kufunga. Siku akisema "hii haitakaa", mteja ataondoka na kwenda kibanda cha pili, na watoto wake watalala njaa kwa sababu ya ukweli wake. Vyuo vya VETA viwafikie mafundi hawa walipo, wapewe mafunzo ya muda mfupi na cheti, na sheria imlinde fundi anayekataa kazi ya hatari kwa kumwadhibu anayeikubali. Hapo ndipo ujuzi wake utakuwa na bei.

Nilipanda Chome na magurudumu yangu ya inchi 15 yasiyong'aa, nikiwa nimevaa matairi yaliyotengenezwa mwaka huo huo, ambayo nililazimika kuyangoja siku mbili yaletwe kutoka Moshi. Siku hizo mbili mama yangu mzazi alinipigia simu mara nne kuuliza nimekwama wapi. Nilimjibu kwamba nangoja matairi. "Si yapo hapo Same?" akauliza. Nikamwambia yapo, lakini ni ya zamani. Akacheka: "Wewe na gari lako la zamani unakataa tairi la zamani?" Nilikosa jibu fupi la kumpa kwenye simu, na labda ndiyo sababu nimeandika jibu refu hili.

Niliporudi Januari nilisimama tena kwa yule kijana nikamwomba anikagulie bolti. Nilimkuta na mteja mwingine, mwenye gari jipya kuliko langu kwa miaka 20, ambaye alikuwa anataka matairi ya bei nafuu. Kijana alikuwa ameinama, anasoma ubavuni mwa tairi kwa kidole. Mteja akamwuliza anatafuta nini. Akamweleza. Mteja akatazama saa yake, akasema: "Funga tu, kijana, nina haraka."

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma hapa, toka nje uiname kwenye gari lako, au la jirani yako, au basi utakalopanda kesho. Zipo tarakimu nne. Zisome, kisha uniandikie ulichokiona.